Macho Mekundu ya Madam

Wanaosema Madam alikuwa mlevi, wengi wao hawajawahi kukaa naye meza moja. Mimi nimekaa. Alikunywa bia moja, kila Jumamosi, mchana kweupe, kwenye hoteli iliyo kando ya barabara kuu mjini Busia, mahali ambapo kila mpita njia angemwona, na akiimaliza aliagiza chai. Niliwahi kumuuliza kwa nini asinywee nyumbani ili watu waache kumsema. Akanijibu kwamba yeye ni mtu mzima, amelipia na hajaiba. Kuhusu bia yake sina zaidi ya hapo, na anayenijia na hadithi nyingine namkatalia.

Macho yake ndiyo yaliyomponza. Asubuhi yalikuwa mekundu, jioni mekundu, na kiangazi, malori yakipanga foleni ya kwenda mpakani na vumbi likitanda mji mzima, yalivimba, yakatoa machozi na ute mweupe aliokuwa akiufuta kwa leso mbele ya darasa bila kuona haya. Alikuwa na mzio wa macho, aleji kama tunavyoiita sisi, tangu utotoni. Jicho la kulia lilikuwa limekufa kabla hatujamjua. La kushoto lilikuwa likiona, ila kila mwaka lilipungua kidogo, naye alijua. Alitaka kitu kimoja tu, kusimama mbele ya wanafunzi na kuwaambia anachokijua kabla hilo la pili halijafunga.

Habari za kuzaliwa kwake na za watu wa kwao sizitii hapa. Angeniuliza zinamsaidia nani.

Alitufundisha afya ya jamii katika tawi la chuo lililopanga ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chini walikuwa wanapakua saruji, na juu sisi tunasoma mambo ya hewa safi. Siku yake ya kwanza alipoingia na macho yale, viti vya mbele vilibaki vitupu. Kila mtu alijua macho mekundu yanaambukiza, na sisi tuliokuwa tunasomea afya tulijua zaidi ya wote, kwa hiyo tulibanana ukutani kule nyuma. Madam aliishika meza yake, akaiburuta katikati ya viti mpaka nyuma kabisa, akaanza kufundishia huko. Tuliokimbia tukajikuta mstari wa mbele.

Siku hiyohiyo alituuliza kwa nini macho ya mtu yanakuwa mekundu. Tulitaja pombe, bangi, kulia, moshi wa kuni, kukesha na simu, hata jini. Mwanafunzi mmoja wa Bumala alisema ni shida za ndoa. Hakuna aliyetaja aleji. Alipolitamka neno hilo yeye mwenyewe, mwenzetu mmoja alimrekebisha kwa adabu kwamba aleji ni ya njugu na mayai. Madam alicheka mpaka machozi yakazidi, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Ngozi ikiwasha, mnasema aleji. Pua ikiwasha, mnasema aleji. Jicho likiwasha mnasema mtu amelewa ama amerogwa. Jicho limewakosea nini?"

Alirudia somo hilo kila muhula, liwe kwenye mtaala lisiwe. Jambo la kwanza kuuliza, alisema, ni kama linawasha. Ugonjwa wa kuambukiza unaweza kuanzia jicho moja, ukagandisha kope asubuhi kwa usaha, ukapita nyumba nzima. Mzio kwa kawaida hushika macho yote mawili, na huwasha mpaka unatamani kuyang'oa. Hauambukizi, hata mkalalia mto mmoja. Unarudi kila kikija kile usichopatana nacho, iwe ni vumbi, chavua, manyoya ya paka au unga wa muhogo unaopeperuka kwenye posho mili, zile mashine za kusagia. Lakini hakutaka mtu ajipime mwenyewe. Ukimwambia macho yako ni ya aleji, yeye alikuuliza nani amekuambia.

Mtu akifikiri kwamba mwanamke huyu aliishi kama alivyofundisha, hakumjua. Alitukataza kusugua macho, na yeye akasugua kwa kifundo cha mkono katikati ya sentensi, akijiona anazungumza tu. Alifuga paka wawili na kulala nao kitanda kimoja. Tukimkumbusha alisema paka ni wa kwake na macho ni ya kwake, na sisi tusome. Alikuwa mgomvi wa kudumu. Aligombana na makuli wa saruji, na wenye posho mili, na wanakwaya wa kanisa lake waliotaka aimbe akiwa amekaa nyuma. Miwani nyeusi hakuitaka hata kuisikia. Daktari alimwambia itamsaidia juani, naye alijua ni kweli, akakataa kwa sababu watu walimshauri vilevile kwa nia nyingine. Walitaka afiche.

Nilianza kumpenda mpakani, ingawa siku yenyewe nilimchukia.

Wakati ule kulikuwa na hofu ya ugonjwa wa kuambukiza upande wa pili wa mpaka, na pale pa kuvukia palikuwa na watu wa afya wenye vipima joto. Walikutazama uso pia, na mwenye macho mekundu alitolewa kwenye foleni akakalishwa kwenye benchi kwanza. Sisi wanafunzi tulivuka kila mara kununua vitenge na viatu, na tulikuwa na dawa yetu ya kuepuka benchi. Kabla ya kuvuka, unatia tone. Dakika chache baadaye macho yanakuwa meupe, unapita. Ilikuwa desturi kama kukumbuka kubeba kitambulisho. Kila chumba cha hosteli kilikuwa na chupa yake, tulichangia pamoja, ikakaa dirishani karibu na dawa ya meno. Mtu alitia kabla ya kuvuka, kabla ya kusimama darasani kutoa hoja, kabla ya kwenda kanisani nyumbani. Mimi nilitia zaidi ya wote, kwa sababu mimi macho yangu yaliwasha kweli, tangu nikiwa mtoto kule Adungosi nikipepeta mtama na bibi. Ile karatasi ya ndani ya boksi hakuna aliyewahi kuikunjua. Dawa ya macho ni dawa ya macho.

Siku hiyo Madam alikuwa anaenda kununua simsim, akaniomba nimsindikize. Mimi nikapita. Yeye akatolewa, kama kila siku. Wengine wakitolewa walinuna au walilia. Madam alikaa kwenye benchi kama yuko sebuleni kwake, akamweleza kijana wa kipima joto hali yake bila hasira, akamsifu kwa kuuliza, kwa kuwa kuuliza ndiyo kazi yake. Kisha akawageukia wenzake wa benchi na kuanza somo. Mama mmoja mfanyabiashara wa upande wa pili, mwenye mzigo wa ndizi, alisikiliza kwa makini, akamshika goti, akamwita mama kwa lugha ya kwao.

"Nnyabo, kumbe hii yangu ya miaka yote nayo ni hiyo? Mume wangu ananiita mlevi."

Madam alimwambia amlete mume naye asome. Benchi zima lilicheka. Tuliporuhusiwa kuendelea, alisimama kando ya barabara, malori yakitupita, akanitazama machoni.

"Wewe ndiye unasugua macho darasani kunishinda. Umepitaje?"

Nikamwonyesha chupa. Akanyoosha mkono. Nikakataa, nikamwambia chupa nimenunua kwa haki na macho ni yangu, maneno niliyoyatoa kwake yeye mwenyewe. Hakuninyang'anya. Aliniambia tu habari za jicho lake la kulia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuelekeza njia. Na yeye alikuwa mwanafunzi, alisema. Na yeye alikuwa na chupa ya aina hiyo, ile yenye steroidi ndani, ambayo daktari hukupa kwa siku chache na kukufuatilia. Yeye aliitia miaka. Macho yalikuwa meupe, akapendeza, akapigwa picha. Huku nyuma presha ndani ya jicho ilikuwa inapanda na kuua mshipa unaopeleka kile unachokiona kwenye ubongo, kuanzia pembeni. Alikuja kushtuka alipoanza kugonga miimo ya milango.

"Halikuniuma hata siku moja," alisema. "Lingeuma, ningeacha."

Nilikwenda kupimwa kwa hasira, ili nirudi na jibu la kumfunga mdomo. Mhudumu wa macho alipima mara moja, akapima tena, akaniuliza natia nini. Presha ilikuwa imepanda. Mshipa ulikuwa bado mzima. Alinipangia jinsi ya kuiacha ile dawa na akanipa nyingine ya aleji, isiyo na haraka, na kuniambia nirudi apime tena.

Sitasema nilishukuru. Muwasho ulirudi wote, na majuma ya kwanza nilimlaani Madam kila nilipoamka. Alikuja hosteli na jagi la maji baridi, akaloweka kitambaa, akanilaza, akanifunika macho, na alipokuwa akinikanda alikuwa anasugua yake. Wasichana wa chumba changu waliitazama chupa ya dirishani na hakuna aliyeigusa siku hiyo. Kesho yake mmoja aliitupa. Mwingine alinunua nyingine. Watu ni watu.

Baada ya hapo alimgeukia mwenye duka la dawa. Alisimama barazani kwake na kuuliza kila mwanafunzi aliyetoka na kimfuko amenunua nini na nani kamwandikia. Mwenye duka alivumilia, halafu akatoka.

"Madam, unaniharibia biashara."

"Vizuri. Na wewe unaniharibia wanafunzi."

Walibishana hivyo mpaka watu wa sokoni wakawa wanapita makusudi kusikiliza. Mwisho yule bwana alimtolea kiti, kwa sababu jua lilikuwa kali, na wakaendelea kubishana wakiwa wamekaa. Nilisikia kwamba baadaye alianza kuwauliza wateja cheti cha daktari. Nilisikia pia kwamba aliacha baada ya muda. Madam alijua yote mawili, na alirudi barazani.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniuma. Mzazi mmoja alilalamika kwamba binti yake anafundishwa na mlevi. Malalamiko yakawa mengi, na ile bia ya Jumamosi ikapewa miguu ikatembea. Mkuu wa tawi, mtu mpole asiyependa kelele, alimwita Madam na kumpa njia mbili. Avae miwani nyeusi akiwa kazini, au alete barua ya daktari ibandikwe ubaoni, maneno yaishe. Nyumbani kwake Madam alikuwa na faili nzima ya karatasi za hospitali. Niliiona kwa macho yangu, chini ya mto wa paka. Karatasi moja tu ingetosha.

Alikataa. Alimwambia mkuu kwamba anayemuuliza yeye humjibu, hata awe mtoto wa darasa la kwanza, na amewajibu watu kwenye benchi la mpakani. Anayemtuhumu hamjibu. Mkataba wake ulipoisha haukuongezwa.

Tulikusanyika, wanafunzi wake wote, tukataka kwenda kwa mkuu kusema ukweli. Tungesema kuhusu jicho lililokufa na hili linalokwenda, na yule mzazi angeona haya. Madam akatukataza. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Niliona ni kiburi, kwamba jicho linakwisha na yeye anatupa siku zilizobaki kwa ajili ya karatasi moja.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," nikamwambia.

"Mimi ni Mwanglikana," akanijibu, akaendelea kufunga vitabu vyake kwenye gunia.

Nikaondoka bila kuaga. Nilimaliza masomo, nikapata kazi Malaba kwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani, na kwa miaka kadhaa nilimsikia tu. Mara yuko shule fulani ya upili Namboboto akizungumza na watoto baada ya ibada, mara yuko sokoni Bumala akigombana na muuza miwani. Nilituma salamu, zikarudi salamu. Swali langu lilibaki vilevile. Sikuelewa mtu anawezaje kushika ushahidi mkononi na kukubali kuitwa mlevi.

Kiangazi kilichopita nilitoka ofisini mchana kwenda kula. Kuna mama anapika chapati na maharagwe nyuma ya maegesho ya malori, kwenye banda la mabati, na vumbi hapo huliwa pamoja na chakula. Nilikuwa nimeshaanza kula Madam alipoingia. Amekonda. Alikuwa anagusa migongo ya viti akipita, taratibu, kichwa amekigeuza kidogo upande kama anasikiliza. Macho ni yaleyale, mekundu, yakichuruzika. Alikosea kona ya meza moja, akaigonga, na chai ya kijana aliyekaa hapo ikamwagika. Kijana alikuwa na kitambulisho cha chuo shingoni. Alifuta suruali, akamwambia mwenzake kwa sauti ambayo sote tuliisikia kwamba leo mathe, yaani huyu mama, ameanza mapema.

Nilisimama. Nilikuwa na maneno tayari, yaliyokaa miaka. Madam alisikia kiti changu kikiburutwa na mimi nikimwita, akaitambua sauti, akanyoosha mkono mpaka akanipata begani, akanikandamiza nikae. Kisha akavuta kiti kwa yule kijana.

"Umesema nimelewa."

"Hakuna, mathe. Ni mastori tu."

"Umesema. Usikimbie, tubishane. Umejuaje?"

Kijana akamwangalia mwenzake. "Macho yako inaonyesha," akasema hatimaye, si kwa ubaya.

Madam alimsogelea mpaka nyuso zao zikakaribia kugusana, kwa sababu umbali huo ndio uliobaki kwa jicho lake. Alimtazama hivyo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Na yako ni meupe sana," akasema. "Vumbi hii ya Malaba, kope zimevimba hivi, na ndani ni meupe. Unatia nini?"

Kijana akasema ni dawa tu ya macho, anatia tangu mwaka wa pili, inasaidia, wote kwao wanatumia. Madam hakumhubiria. Alimwambia afunike jicho moja kwa kiganja na kwa lile jingine atazame pua yake yeye asiihamishe. Akaniita nisimame nyuma ya kijana, nifunike jicho la upande uleule na nitazame pua hiyohiyo. Akanyoosha mkono wake kando, mbali, akaanza kuuleta ndani polepole akichezesha vidole.

"Ukiona kidole, sema."

Mimi niliviona karibu mara moja. Kijana hakusema kitu. Mkono ukaja, ukaja, mama wa chapati akaacha kusukuma unga, na mkono ulikuwa umekaribia sikio la Madam mwenyewe kijana aliposema sasa. Madam akaniuliza mimi niliviona wapi. Nikaonyesha. Kijana aligeuka akatazama pale nilipoonyesha, kisha akamtazama Madam, na hakukuwa na mzaha tena usoni mwake.

"Lakini hainiumi," akasema.

"Najua haikuumi."

"Sasa nitajuaje kama imeharibika?"

"Mimi siwezi kukuambia kwa mkono tu. Wewe pia hutajua. Kuna mtu ana mashine ya kujua. Nenda leo, usiende kesho."

Nikamwelekeza hospitali yenye mhudumu wa macho siku hiyo. Mwenzake alimsimamishia bodaboda. Kabla ya kupanda alirudi, akamshika Madam mkono kwa mikono yake miwili, akasema pole kwa chai, ingawa chai ilikuwa yake. Akaenda. Madam akaagiza chapati mbili na kuuliza kama maharagwe yana nazi, akaambiwa hayana, akasema basi ni sawa.

Nilimwacha ale kidogo. Halafu nikamuuliza kwa uchungu wote niliokuwa nao kwa nini hakuniacha niseme. Neno moja tu, kwamba huyu mama haoni. Kijana angeinama palepale. Mkuu wa tawi angeinama siku ile. Hata sasa angekuwa anafundisha darasani, na si kwenye mabanda ya chapati.

Alitafuna mpaka akamaliza. Akafuta macho kwa leso.

"Ukiwaambia sioni, watanionea huruma," alisema. "Watanivusha barabara, watanipa kiti, watasema pole mama, na hakuna atakayesikia ninasema nini. Afadhali mlevi. Mlevi, watu hubishana naye."